Vispika vya Nyota Tano Katikati ya Hitima

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka hata paka wa jirani amenitazama kwa huruma.

Kosa nililifanya mapema asubuhi. Nilivaa vispika vipya vya masikioni, vile visivyo na waya, nikabonyeza kitufe cha kuzima kelele za nje, kisha nikasahau kwamba ninaishi Bongwe. Hapa kwetu mtu hapiti mlango wa mwenzake kimya. Unatoa salamu, unajibiwa, unaulizwa habari za mama, za mbuzi na za mvua, ndipo unapita.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Sule ninayetoa maoni mtandaoni juu ya simu na vifaa. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua simu mbovu na kushindwa kuzifunga. Na mnaujua ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Sentensi moja ninaweza kuirekodi mpaka jogoo wetu akaihifadhi.

Vispika hivi nilivinunua kwa jasho langu. Jina la kampuni silitaji (wao wana mawakili, mimi nina mama tu). Mtandaoni kila mtu alikuwa amevipa nyota tano, na maoni yote yalifanana kama mapacha. Nikaingiwa na shaka. Mmoja alisifu sauti na papo hapo akauliza mzigo wake utafika lini! Nikasema, mimi nitavijaribu kwa haki, nje, kwenye kelele za kweli.

Nikaanzia kwenye mashine ya kusaga unga. Kimya! Nikasogea kwenye kituo cha boda boda. Kimya! Nikarudi nyumbani. Mama akaniita nikachote maji. Sikusikia. Akaita tena. Sikusikia. Ndara yake ikanipata mgongoni. (Nikaandika: "Vinazuia sauti, havizuii ndara.")

Hapa lazima niwaambie jambo jingine. Keshokutwa ami yangu alikuwa apeleke posa yangu kwa Mzee Bakari, babake Mwanaisha. Mzee Bakari hakuwa amekubali wala kukataa. Alisema tu, "Nitamtazama kijana kwanza." Tangu siku hiyo ninatembea kijijini kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Na leo kulikuwa na hitima ya marehemu Mzee Salimu, jirani yetu. Kanzu nilikuwa nimeshaipiga pasi. Nikajiambia, dua itakuwa baada ya swala ya adhuhuri, nina wakati. (Ilisogezwa mapema, ikawa kabla ya swala. Walitangaza msikitini. Nadhani mnajua masikio yangu yalikuwa wapi.)

Basi nikaingia mtandaoni mubashara. Watazamaji walikuwa binamu zangu tu. Nikaona jua linanipiga kisogoni na uso unatoka mweusi kwenye kioo cha simu. Siwezi kuvumilia jambo kama hilo. Nikageuka, nikaanza kutembea kinyumenyume ili mwanga unipate vizuri.

Kinyumenyume, jamani! Kwenye njia ya nyuma ya nyumba za watu!

Nikasema bei ni kubwa mno. Nikasema betri inakaa vizuri lakini kikasha chake kinakwaruzika upesi. Bi Mwanakombo akapita na ndoo yake, nikaona midomo yake ikicheza. Sikumjibu. Nilidhani anaimba. Maoni yakaanza kumiminika kwenye kioo, lakini mimi sisomi maoni nikiwa ninazungumza, huwa yananitia hofu. Nikayafunika kwa kidole gumba.

Kisigino kikagusa kitu laini. Nikaendelea kurudi nyuma. Nikafumba macho ili nimalize kwa hisia.

"Wapenzi, dunia imenyamaza!" nikapaza sauti. "Hii ndiyo raha niliyokuwa ninaitafuta! Alhamdulillahi! Nyota tano!"

Mkono ukanigusa begani. Nikageuka.

Mzee Bakari. Nyuma yake wanaume wote wa Bongwe wameketi mkekani, uani kwa marehemu, viganja juu, dua katikati. Midomo ya Mzee Bakari ikacheza. Nikadhani anauliza kama ni vizuri.

"HATA SIKUSIKII, MZEE!" nikamjibu kwa furaha. "VIZURI SANA!"

Akanyoosha mkono, akanichomoa kimoja sikioni. Dunia ikaingia yote kwa mpigo. Kikohozi cha mtu. Kuku. Halafu kimya cha kweli, kisichouzwa dukani.

"Kijana," akasema polepole, "nimekutolea salamu mara tatu."

"Aleikumu salaam. Shikamoo."

"Marahaba. Umesimama na viatu juu ya mkeka wa hitima."

Nikatazama chini. Kweli. Nikatazama simu. Binamu zangu walikuwa wameshaita Ukunda nzima. Maoni ya juu kabisa yalisema: "Kaka, vua viatu." Nikazima.

Nikawaza posa. Nikamwona ami yangu akirudi na barua ya posa mkononi. Machozi yakanilenga, siwafichi.

Ndipo nyuma ya pazia la dirisha nikasikia kicheko. Bi Zuhura, mjane wa marehemu, aliyeko edani. Tangu mazishi hakuwa amesema neno la maana, na sasa anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Salimu angekuwapo angeuliza kwanza bei. Sule, mwanangu, ni bei gani?"

Nikaitaja. Mkeka mzima ukaguna.

"Kwa pesa hizo," mzee mmoja akasema, "si unapata mbuzi sokoni Kinango?"

"Unampata na kamba yake," mwingine akajibu.

Wakacheka, Mungu awabariki. Mimi nilivua viatu, nikaketi nyuma kabisa, tukaimalizia dua.

Baadaye Mzee Bakari akaniita kando. Akavitaka vispika. Akavivaa, akafumba macho, akakaa muda mrefu mno. Wakwe zake wawili walikuwa wakibishana karibu naye. Alikuwa anatabasamu.

Akavitoa. "Ulisema nyota ngapi?"

"Tano, mzee."

"Punguza. Kifaa kinachomfanya mtu asijibu salamu hakiwezi kuwa cha nyota tano."

"Nitapunguza. Mzee, na lile jambo la keshokutwa..."

Akanitazama toka kanzu ambayo sikuivaa mpaka miguu mitupu.

"Mwambie ami yako aje," akasema. "Lakini aje yeye. Wewe ubaki nyumbani."

Nimeshavishusha mpaka nyota tatu. Kampuni imeniandikia, kwa adabu sana, kuuliza tatizo ni lipi. Nimewajibu vinafanya kazi kama mlivyoahidi, tatizo langu ni jirani zangu. Sijui kama wataelewa.

Nanyi mliotazama, naomba msiusambaze ule mkanda. Tangu leo mchana ninavaa kimoja tu, cha kushoto. Sikio la kulia ni la salamu.