Spika ya Mlangoni

Leo nimeaibika, wenzangu, tena nimeaibikia nyumbani kwangu mwenyewe.

Mnamjua wifi yangu Tupokigwe wa Kisondela, dada wa marehemu mume wangu. Kesho anahamia Sumbawanga kwa binti yake Sekela, na kwa umri wetu huu sijui kama atarudi. Baba yao alipofariki wifi alikuwa mbali, hakumzika. Kaseti ya huyo mzee ninayo mimi, mwanangu Ambakisye alimrekodi akiwausia wanawe. Wifi hajawahi kuisikia, maana spika ya redio yangu ilipasuka zamani, kaseti inazunguka bubu. Nikamwahidi: kabla hujaondoka utamsikia baba yako.

Sasa huyo mzee (jina lake nalikumbuka vizuri ila silitamki) ni baba mkwe wangu. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hapiti mbele yake. Naye alikuwa mstaarabu, akikaribia uani anakohoa kwanza. Tukisikia tu, khanga kichwani, mbio migombani. Nimekimbia hivyo tangu nikiwa bibi harusi mpaka nina wajukuu.

Basi asubuhi nikaenda sokoni Tukuyu kwa Asajile, yule mtoto wa Mama Atupele anayeuza mitumba. Zamani spika ungeiona wapi, labda kanisani. Siku hizi zinamwagwa chini kwenye turubai kama viazi. Akanipa mbili ndogo za kompyuta. Nikamwambia kompyuta sina. Akasema haidhuru, redio yenye tundu la kusikilizia masikioni inatosha. Akanifundisha: hii ndiyo mama, inakula umeme wa ukutani, hii nyingine ni mtoto, inanyonya kwa mama kwa waya huu. Nikaelewa. Nimelea, najua mambo hayo.

Nyumbani, mama nikamweka mezani, mtoto nikamweka juu ya kigoda pale mlango wa mbele, ili hata watakaokaa barazani wasikie. Nikachomeka mtoto kwa mama, mama kwa redio. Nikabonyeza kaseti. Kimya. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma. Kimya. Kumbe waya nimeuingiza tundu la maikrofoni (hivyo redio ndiyo ilikuwa inanisikiliza mimi!). Nikahamisha. Kimya vilevile. Nikapuliza vumbi, nikafuta matundu kwa pindo la khanga, nikaiombea. Jirani yangu Mama Lugano akanishauri niachane nayo nikapike. Nikamwambia nimeshapika, na sitoki hapa mpaka iongee.

Wageni wakafika kumuaga wifi, wakajaa sebuleni. Yeye akakaa karibu na meza, mikono mapajani, anangoja. Mimi nahangaika na nyaya.

"Wifi," akasema taratibu, "kama imeshindikana niambie tu. Nitakwenda hivyo hivyo."

Hapo moyo ukaniuma. "Kaa," nikamwambia. "Utamsikia."

Nikarudisha kaseti mwanzo kabisa, nikabonyeza tena. Redio inatumia betri, kwa hiyo magurudumu yakazunguka. Ndipo nikaona: spika mama haijawaka taa. Ana njaa! Plagi iko ukutani, ila swichi ya soketi sikuiwasha (mtu mzima mimi). Nikainama, mlango nimeupa mgongo, nikaiwasha.

Nyuma yangu, mlangoni, baba mkwe akakohoa.

Wenzangu, sikuwaza. Khanga kichwani, nikaruka miguu ya Mama Lugano, nikapiga teke sufuria ya ndizi, nikatokea mlango wa jikoni mpaka migombani. Nikachutama kwenye matope nyuma ya mgomba, uso chini, nasubiri apite. Mtu aliyekwisha zikwa! Na waya nimemchomekea mwenyewe!

Mama Lugano akanifuata mbio, akauliza kama nimeumwa na nyoka. Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyumbani, kitufe kikiwa bado mwisho kabisa, kijiji chetu kizima cha Mpuguso kinasikia:

"Nimekohoa. Wake za wanangu wapite kwanza. Nina maneno na watoto wangu."

Mwe! Nikasikia wifi Tupokigwe akicheka ndani. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Baadaye kidogo akachungulia mlango wa jikoni, uso umelowa wote.

"Wifi, baki huko huko," akasema. "Baba hajamaliza."

Nikabaki. Majani yananidondoshea maji shingoni, Mama Lugano kaniinamia anacheka hana sauti, nami nasikiliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia yule mzee mpaka mwisho, maana siku zote nilikuwa nimeshakimbia.

Mnaotaka kucheka chekeni, ila Asajile mwambieni spika zake ni nzuri: zinasikika hadi migombani.