Desa Lenye Mabano

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Mbele ya mkuu wa chuo! Mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe! Sasa hivi nipo nyumbani Mwankoko, nimejifungia chumbani, na mke wangu anagonga mlango akiuliza kama naumwa. Siumwi. Natamani ningekuwa naumwa.

Nianze na asubuhi.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha mifugo hapa Singida. Nafundisha magonjwa ya kuku, huu mwaka wa kumi na nne. Wiki hii walimu wote tumewekewa mafunzo ya uandishi na fikra bunifu. Siku tatu! Mwezeshaji ni mama mmoja kutoka Dodoma, mpole, na kila kitu kwake ni karatasi za rangi. Juzi tuliandika harufu ya utoto wetu kwenye karatasi ya njano, tukabandika ukutani. Jana tukaambiwa tuandike barua ya kuku kwenda kwa daktari wake. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimeandika: "Mpendwa daktari, mimi ni tetea." (Nilipigiwa makofi. Sikufurahi. Basi, nilifurahi kidogo.)

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Mkuu alishatangaza kwamba leo jioni atateua mratibu wa uandishi wa chuo, na mratibu anapewa ofisi yake peke yake. Ofisi yenye mlango! Mimi nimebanwa chumba kimoja na wenzangu watano, na chupa ya chai ya wote inakaa juu ya meza yangu. Mtu akitaka chai, mimi nasogeza karatasi. Ile ofisi niliitaka mpaka nikamwambia mke wangu imeshapatikana.

Kazi ya mwisho ilikuwa hii: kila mwalimu atunge nyumbani kisa kipya kifupi cha kufungulia somo lake, leo aje akisimulie. Na wangekuwepo wanafunzi wawili wa kutusikiliza.

Sikutunga kitu. Kulikuwa na mpira. Nikajiambia, kwani shida iko wapi? Kisa ninacho, cha shangazi yangu wa Ulemo, na darasani kila mwaka watu wanavunjika mbavu. Walimu wenzangu hawajawahi kukisikia. Wanafunzi walioalikwa ni wa mwaka wa kwanza, mada ya mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, hata hawajaigusa. (Niliulizia kabisa. Nilijiona nina akili sana.)

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakohoa.

"Kisa hiki nimekitunga jana," nikasema. (Mungu anisamehe.) "Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi yangu wa Ulemo chanjo ya mdondo. Nikamwambia, shangazi, kila kuku tone moja jichoni. Akakigeuza kile kichupa. Akauliza, 'Inawasha?' Nikamwambia haiwashi. Akasema, 'Wewe umejuaje? Umewahi kuwekewa?'"

Hapo huwa natua kidogo. Nikavua miwani, nikajishika jicho.

Kicheko! Lakini cha mtu mmoja, na utamu wenyewe wa kisa sijaufikia. Ni Paskalina, mmoja wa wale wanafunzi wawili, ameziba mdomo na mabega yanamtikisika.

"Binti," mwezeshaji akamuuliza, "mbona umecheka kabla hajamaliza?"

"Samahani mama. Nimetangulia."

"Umetangulia wapi?"

Paskalina akaangalia magotini kwake. "Kwenye desa."

Kwa msiosoma vyuo vyetu: desa ni notsi ambazo wanafunzi wanatoa kopi na kurithishana mwaka hadi mwaka. Nilijua yapo. Sikujua yanaandikwa nini.

"Hebu tusomee," mkuu akasema.

"Mkuu, naomba nisisome."

"Soma."

Akasimama, masikini, akalinyanyua desa lake. "'Mdondo. Anaanza na shangazi wa Ulemo. Mabano, atasema ni wiki iliyopita, hata mwaka jana alisema hivyo, funga mabano. Mabano, hapa anavua miwani, funga mabano. Mabano, hapa anajishika jicho la kushoto, funga mabano.'"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Miwani iko mkononi. Kiganja kiko jichoni. La kushoto! Nikakitoa haraka, nikakosa pa kukiweka.

"Endelea," mkuu akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika.

"'Shangazi anajiwekea tone yeye kwanza. Anasema, haiwashi, leteni kuku, na mimi mdondo haunipati tena. Mabano, chekeni hapa. Asiyecheka anaulizwa swali. Funga mabano.'"

Mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Miaka sita nafanya naye kazi, leo ndiyo mara ya kwanza naona magego yake.

Mwezeshaji peke yake hakucheka. Alilichukua lile desa, akafunua kurasa taratibu. "Nani aliandika hii?" akauliza. "Huyu mtu anaona. Huyu ndiye mwandishi."

Nyuma yangu mkono ukanyanyuka. Madamu Rehema! Huyu ni mwalimu mwenzetu, ana miaka miwili kazini, na zamani nilimfundisha mimi mwenyewe magonjwa ya kuku. (Nilimsahau kabisa!)

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilikuwa bado mwanafunzi." Kisha akanigeukia. "Unisamehe, mwalimu. Shikamoo."

(Shikamoo ya nini saa tisa alasiri? Tulishasalimiana asubuhi!)

"Marahaba," nikajibu. Ningefanyaje?

Saa kumi na moja mkuu akamteua mratibu. Mnajua nani. Funguo za ofisi nimeziona kwa macho yangu zikipita mbele yangu, na makofi nilipiga. Kazi yake ya kwanza ni kukagua visa vya kufungulia masomo vya walimu wote. Amenifuata mlangoni wakati natoka, kwa adabu zote: "Mwalimu, chako nakisubiri Jumatatu. Kiwe kipya, tafadhali."

Nimeumia jamani, naomba msinicheke. Ila mwenye kisa cha kuku ambacho bado hakijafika Singida anitumie inboksi kabla ya Jumapili. Nitasema nimekitunga mwenyewe.