Mbwa Wetu Amerudi Kutoka Kwenu Bila Sauti

Kwa Baba Abate,
Monasteri ya Mlimani.

Shikamoo Baba,

Kabla ya malalamiko, naomba niungame jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku ile nilipokuja kwenu na mbwa, nyumbani niliaga kwamba tunakwenda kutembea, tuone mandhari, jioni turudi. Sikuja kuona mandhari. Nilikuja kuangalia kama naweza kubaki. Nimemaliza shule, mimi ni mtu mwenye aibu, na nilisikia kwamba huko juu watu hawaongei na hakuna anayewauliza wana nini.

Sasa lalamiko lenyewe. Tulikuja wawili, nanyi mkambadilisha asiyehusika.

Mbwa wetu anaitwa Honi. Baba yangu alimpa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Humbwekea mgeni akiwa bado kwenye kona ya barabara, huibwekea redio, huibwekea hata mvua. Tangu turudi kutoka kwenu hajabweka. Haumwi. Daktari wa mifugo alimtazama kooni akasema koo ni zima kama tarumbeta. Anakula, anatikisa mkia, ila ananyamaza, tena kwa uso wa mtu aliyeelewa jambo. Madhara yake nayaeleza hapa chini.

1. Honi alikuwa mlinzi wangu. Si dhidi ya wezi. Wezi hatujawahi kuwapata. Dhidi ya wageni. Akibweka, mimi napata muda wa kutoka sebuleni, kupita koridoni na kuingia jikoni kabla mlango haujafunguliwa. Sasa wageni wanatokea tu kama mvuke. Wiki iliyopita nilisalimiana na watu wengi kuliko mwaka wangu wote wa mwisho shuleni.

2. Kwa njia hiyo hiyo aliingia mama mdogo, ambaye ni daktari wa meno. Alinikuta kwenye kochi, mguu mmoja juu, natafuna karanga. Akasimama mlangoni, akashika kiuno, akasema kumbe nyumba hii ina binti! Kwamba miaka yote yeye huona kisigino tu kikiyeyukia jikoni, na alikuwa karibu kumwuliza dada yake kama kile kisigino kina mwenyewe. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kabla sijameza karanga nilikuwa nimeshapewa kazi ya mapokezi kwenye kliniki yake, kuanzia Jumatatu. Nilikataa, ila nilikataa kwa macho, na yeye hakuwa amevaa miwani.

Naomba uone uzito wake, Baba. Mapokezi ni kuita majina ya watu kwa sauti mbele ya watu wengine. Ni kupokea simu bila kujua anayepiga ana hasira kiasi gani. Mbwa mmemfundisha kunyamaza, na mimi ndiye ninayetakiwa kuongea kwa niaba yake.

3. Utasema hamkumfanyia Honi lolote. Mimi nilikuwepo. Wakati wa sala ya mchana bruda wa mlangoni alinigeukia akaweka kidole mdomoni. Alinigeukia mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu, na aliyetii ni Honi. Alilala nyuma ya benchi la mwisho, kidevu juu ya miguu, mpaka mkamaliza. Hata mlipoimba hakuitikia, na huyu ni mbwa anayeitikia tangazo la sabuni.

4. Kwenye bustani yenu kuna ubao unaosema wageni wa kike wasivuke hapo. Mimi niliusoma nikasimama. Honi hakuusoma. Alipita, akakaa huko ndani muda mrefu, akarudi ananuka ubani na mkate. Baba, Honi ni jike. Ana watoto mtaa mzima, na kila mmoja na baba yake. Sheria ikishalegezwa kwa jike mwenye historia hiyo, sioni itakavyokazwa kwa msichana ambaye hajawahi kumwambia kijana hata habari za asubuhi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mchana ule nilikaa na yule bruda mzee wa mizinga ya nyuki. Alikuwa kwenye saa zake za ukimya. Mimi, sijui nilipatwa na nini, nikaongea. Nilimweleza habari za nyumbani, habari za wageni ninaowakimbia, na habari za mwalimu aliyenisimamisha nisome kwa sauti, nami nikasoma kimoyomoyo mpaka mwisho wa ukurasa. Kila alipotingisha kichwa, nikaongeza. Nikamwigiza hata mwalimu. Alicheka bila sauti, mabega yakiruka, mpaka nyuki wakatoka kuangalia kuna nini. Kengele ilipolia akaruhusiwa kuongea, nikamwuliza kama naweza kubaki. Akanitazama kwa upole, akasema: mwanangu, wewe hapa hutaweza, utatumaliza. Kisha akamshika Honi kichwa akasema huyu sawa, huyu hata leo.

Kweli, Baba? Nyumbani wananitania kwa kuniita Bubu. Nimepanda mlima mzima kwenda kuambiwa nina mdomo!

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: mrudishieni Honi sauti yake, au mnipokee kabla ya Jumatatu. Kama sheria imekataa kabisa, basi niandikeni kama mbwa. Sibweki, sing'ati, nalala popote, na safari hii ubao sitausoma.

Nawasalimu mabruda wote, hasa wa mlangoni na wa nyuki, na nyuki wenyewe. Honi naye anawasalimu, kwa njia mnayoijua.

Mimi mtiifu,
Binti aliyekuja na mbwa

Nyongeza: Barua hii ilichelewa mkobani, kwa sababu kuituma kunahitaji kuongea na mtu wa dirishani posta. Jumatatu ikanikuta. Baba, wenye meno mabovu wanaoingia hawataki kuongea, na wanaotoka hawawezi, midomo imekufa ganzi. Wanatingisha vichwa tu. Jana mzee mmoja alikuwa ameshatibiwa, shavu limevimba, lakini alirudi kukaa ili nimalizie kisa cha mbwa aliyekwenda monasteri. Mama mdogo akatoka chumbani na koleo mkononi, akauliza ni nani anayempigia kelele mapokezini. Ilikuwa ni mimi.

Basi nafasi yangu mpeni mwingine, na Honi mwacheni alivyo. Nyumbani bado natoka kila asubuhi nimenuna, na mama ananionea huruma, ananiwekea chai kikombe kikubwa. Kwa hiyo nakuomba sana, Baba, wewe ambaye kunyamaza ndiyo kazi yako: haya usimwambie mtu.