Jembe la Mahari na Pigo Moja la Mwanga

Leo nimejiaibisha mbele ya mkwe. Naandika mapema, ndugu zangu, kabla hamjasikia kwake.

Jumamosi, kama mjuavyo, tunapeleka mahari ya mjukuu wangu. Ng'ombe wapo. Ila mkwe, baba wa binti, aliomba kitu kimoja zaidi: lile jembe la kale la ukoo wetu, na alama ya mhunzi ionekane. (Mababu walioa kwa majembe. Babu wa babu yangu alirudi kutoka upagazini pwani, akalinunua kabla hajavua viatu, kama alikuwa navyo.)

Kutu ilikuwa imefunika alama. Nikaelekezwa karakana moja Gongoni yenye mashine ya leza, inachoma kutu na kuacha chuma. Fundi wake, msichana mpole, aliniambia kwa simu, "Babu, lilete lilivyo. Usilisugue."

Sasa mimi nimelelewa. Mtu haendi kwa daktari bila kuoga. Asubuhi nikachukua mchanga na majivu, nikasugua pale penye alama mpaka nikaona meno yangu (yote mawili).

Karakanani nikamkuta mkwe ameshafika, kujionea alama ikifichuliwa. Tukasalimiana kwa adabu, kila mmoja akimtazama mwenzake kifuani.

"Babu, hukulisugua?" fundi akauliza.

Mbele ya mkwe niseme sisikii maagizo? "Hata kidogo."

"Mbona hapa linang'aa?"

"Ndivyo lilivyozaliwa."

Tukavaa miwani ya giza. Fundi akatuonyesha kwenye kioo cha kipimo: mwanga ule hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, maelfu kwa sekunde. Kila pigo ni mstari, na mistari yote kimo kimoja, kama wapagazi kwenye njia nyembamba. Kutu ikawa inaruka kama vumbi la unga. Mkwe akaitikia kwa kichwa.

Fundi akafika pale nilipopasugua. Mistari ikaanza kuyumba, huu mfupi, huu mrefu. Halafu ukachomoza mmoja, ukapita ukingo wa juu wa kioo. Ta. Fundi akazima.

Katikati ya alama, tundu kama punje ya ulezi. Pale chuma kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kubaki chembamba kama ganda la yai.

"Wastani wa nguvu ya mapigo haujasogea hata kidogo," fundi akasema taratibu. "Ni pigo moja tu, kubwa kuliko wenzake wote. Linazuka mwanga ukirudi ndani ya mashine na kuyavuruga mapigo. Kutu haiurudishi hivyo. Chuma kilichosuguliwa kinaurudisha kama kioo cha kujitazamia. Babu?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikamuona mjukuu wangu Jumamosi, amevaa suti, hana mke.

"Nililisugua," nikasema. "Na nimekudanganya."

Mkwe akalichukua jembe, akalielekeza dirishani, akachungulia kwenye tundu. Akachungulia muda mrefu mno.

"Jembe nitalipokea," akasema. "Ukoo wangu una matundu makubwa kuliko hili. Lakini Jumamosi utasimama wewe mwenyewe uwaeleze wazee limetoka wapi. Yote. Na lile la kuzaliwa linang'aa usiliruke."

Basi, ndugu zangu, mwenye kucheka achekee hapa hapa leo, amalize. Jumamosi nataka kuona nyuso kavu.