Asilimia Tisini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimeahidi mbele ya watu: Jumapili mama mkwe atapata diski ya video ya harusi yetu, ile ambayo ndani yake marehemu mumewe anatupa nasaha. Kanda yenyewe iliharibika zamani. Nakala iliyobaki ni moja tu, imo ndani ya kompyuta yangu. Mama ana deki ya DVD peke yake, na huu mwaka wa tatu hajaisikia sauti ya mzee. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa mashine za fotokopi, alijitolea kuichoma, yaani kuiingiza kwenye diski. Nikamwambia atulie, hii kazi ni ya mkwe. Miaka kumi na moja mama ananiita "mume wa binti yangu". Shemeji ndiye "mwanangu". Safari hii lazima niitwe mwanangu na mimi!

Nimenunua diski tupu tano. Nimeweka kasi ya juu kabisa. Ilifika asilimia tisini na moja, kompyuta ikazimika yenyewe. Diski ya kwanza sasa inakaa chini ya kikombe changu cha chai.

Jumanne, 5 Machi
Nimepunguza kasi. Asilimia sitini na nne. Imezimika tena. Kwa nini mimi?

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua: diski ni mbovu! Nimekwenda kumkabili mwenye duka, sauti juu, wateja wanasikiliza. Hakubishana. Alichukua diski moja kati ya zangu, akaichomea nyimbo kwenye kompyuta yake, ikamaliza bila hata kukohoa. Wateja walicheka. Zimebaki mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu amegusa kompyuta, akasema ina joto la pasi, nitoe kitambaa ipumue. Kitambaa! Kile cha maua alichokifuma mama yake kwa mkono wake, kinachoifunika kompyuta juu, pembeni na nyuma, kikaacha mdomo wa diski tu. Nimemuuliza kama anataka mama aje aikute kompyuta yetu kifua wazi. Amerudi jikoni.

Ijumaa, 8 Machi
Adui ni vumbi. Nimefunga madirisha, nikakikunja kitambaa mara mbili kiwe kizito. Asilimia ishirini na mbili! Ilipowaka tena ilikuwa inakoroma, na video ilichelewa kuonekana. Nimeogopa kweli. Ikipotea hiyo, mzee ndiyo amenyamaza moja kwa moja, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Imebaki diski moja.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kapita kusalimia. Kauliza diski. Nimesema iko tayari, imeshafungwa kwenye karatasi ya zawadi. Karatasi ninayo kweli.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi nimekuta kitambaa hakipo. Mke wangu amekifua, kiko kwenye kamba, eti wageni wanakuja. Nilitaka kulia. Muda wa kukisubiri kikauke sina. Nimevaa shati jipya, nikaikaripia kompyuta kama mtu mzima, nikabonyeza. Tisini. Tisini na moja. Mia moja!

Siri ni kuikaripia. Kwa nini sikufikiria mapema?

Mchana tumeiweka kwenye deki ya mama. Mzee akatokea, koti lile lile, akamwambia binti yake asiwe na wasiwasi, huyu bwana ujanja hana, lakini moyo anao. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alicheka, halafu akalia, akaomba tumrudishe mzee aseme tena. Tumemrudisha mara nne. Na mimi nimelia, nisifiche. Kisha mama akanishika mkono, akasema asante mwanangu. Mwanangu! Nimemwangalia shemeji kuhakikisha amesikia.

Jumatatu, 18 Machi
Dada zake mama wanataka diski zao. Sita. Nimenunua diski mpya kwenye duka lile lile. Mama mwenyewe ameleta zawadi ya shukrani: kitambaa kipya cha kompyuta, sufu nzito, amekishonea na bitana ndani. Kinafika mpaka chini! Mke wangu amekipapasa unene, akarudi jikoni.

Nimeifunika vizuri, nimevaa lile shati, nimeikaripia. Asilimia kumi na moja, imezimika.

Kesho asubuhi namfuata yule mwenye duka. Safari hii hanichezei.