Likipata Moto, Linazima

Jumatatu, 4 Machi 1974

Bado niko hai. Gari, sijui.

Limezima tena. Safari hii kwenye kilima cha Ruring'u, mbele ya akina mama wa kanisa waliokuwa wakitoka kwenye maombi. Wote wakasimama kunitazama. Mmoja akanipungia mkono kama mtu anayeaga. Moyo ukaanza kupiga ovyo. Nikajifanya nimesimama kwa hiari yangu, nikateremsha kioo, nikasifu jua. Ilikuwa inanyesha.

Naandika haya kwa sababu daktari amesema moyo wangu umechoka na nisicheleweshe mambo. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Sipendi kuondoka nikiacha kazi haijasahihishwa. Basi nitaungama kila kitu hapa, Mungu asome mwenyewe.

Dalili ni hizi. Asubuhi gari likiwa baridi, linawaka kama jipya. Likienda kitambo, injini ikipata moto, linakohoa, linazima. Nikiliacha lipumzike, linawaka tena bila kinyongo. Nami niko hivyo hivyo! Nimeshikwa na wazo ambalo mtu aliyesoma hapaswi kuwa nalo: siku gari litakapokataa kuwaka kabisa, nami sitaamka.

Mwanangu Peterson anakuja Jumamosi kutoka Nakuru. Amemwambia mke wangu Watiri kwamba gari likizima mbele yake, hata mara moja, anachukua ufunguo na gari linauzwa kwa Awale, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Mbuzi wataketi ninapoketi mimi. Na mimi nitawekwa barazani na blanketi magotini, nitazame mlima mpaka nife.

Sitaki.

Jumanne, 5 Machi

Nimempelekea gari Kihara, fundi wa Gatitu. Akasema ni koili. Nilipouliza ana hakika gani, akasema basi ni plagi. Nikamkazia macho ya ukaguzi. Akasema inaweza pia kuwa pampu, au kabureta, au mwinuko wa Nyeri wenyewe. Nimeona wanafunzi wengi wakijibu namna hiyo.

Ngatia alikuwepo. Ngatia huwa yupo. Tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo hana adabu nami na sheria inamruhusu. Akaegemea boneti, akaniita wakini, kama tunavyoitana watu wa rika moja, akasema gari halina ugonjwa wowote, limezeeka tu, linataka kulala baada ya chai. Mafundi wote wakacheka. Hata Kihara.

Na alikuwa ananuka petroli! Sasa naungama. Tangu petroli ipande bei, tangi langu limekuwa likipungua upesi. Namshuku Ngatia. Lakini huwezi kumwita mtu wa rika lako mwizi. Wazee watakutoza mbuzi na kukucheka mpaka kaburini, na kwangu si mbali. Kwa hiyo sikumuuliza. Mwezi uliopita niliziba. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo juu yake, ambalo nadhani ndilo hutoa harufu na kumwita mwizi. Nikalijaza nta ya mshumaa, nikazungushia mpira wa baiskeli, nikakaza kwa waya. Hata nzi haingii. Hiyo ni kazi moja niliyoifanya vizuri mwaka huu.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: kama joto ndilo adui, injini isipate joto. Nimefunga koili na pampu kwa vipande vya gunia lililolowa na majani ya kabeji. Watiri akauliza kabeji ya chakula cha mchana iko wapi. Nikasema ni suala la kisayansi.

Nikaenda mpaka nje ya mji. Gunia likatoa mvuke. Gari likakohoa, likazima.

Mbele ya duka la majeneza!

Seremala akatoka taratibu, akifuta mikono. Akanisalimia kwa heshima kubwa mno. Akaniuliza habari ya afya, na huku macho yake yanaanza kichwani, yanashuka mpaka viatuni, yanapanda tena. Anapima. Nikajikunja kwenye kiti niwe mfupi. Akasema usiwe na haraka, Mzee, pumzika tu. Nikamwambia sina nia ya kupumzika. Ufunguo ukaniponyoka, ukaanguka chini ya kanyagio, na nilipoinama kuutafuta nikasikia akimwambia mwenzake, ati mzee ni mwembamba lakini ana mabega.

Nilirudi nyumbani nikiwa na harufu ya kabeji iliyochemka. Sikula.

Alhamisi, 7 Machi

NIMELIPATA JIBU! Na afadhali nisingelipata.

Ungamo kwanza: daktari amenikataza sukari. Nina kopo la maziwa mazito matamu nyuma ya Biblia kubwa. Watiri alipokwenda shambani nikalitoboa kwa msumari na kuliinamisha juu ya kijiko. Tone moja. Kisha hakuna. Nikalitikisa, nikalinyonya, nikalitukana kwa Kiingereza. Ndipo nikakumbuka, nikatoboa tundu la pili upande wa pili, hewa iingie. Maziwa yakamiminika mpaka kwenye kifua.

Nikasimama hivyo hivyo na maziwa shatini. Hewa! Tangi langu halina tundu la pili. Mimi ndiye niliyeliziba! Petroli ikitoka, hewa haiingii. Injini inanyonya mpaka inashindwa. Likipumzika, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, linawaka. Moto wa injini hauhusiki kabisa.

Nilifungua kifuniko. Likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyeokolewa majini. Nami nikavuta pumzi pamoja nalo. Nikalegeza waya, nikaendesha mpaka Kiganjo na kurudi. Halikukohoa hata mara moja.

Ningekuwa na furaha. Lakini niliporudi, Watiri alikuwa dirishani akiongea na jirani yetu Waithira, nami nilikuwa chini ya dirisha, kwa bahati. Akasema wanasumbuka bure na gari. Shida si gari. Shida ni dereva. Baba Peterson amezeeka, akasema, na Peterson atachukua ufunguo hata gari likienda kama ndege.

Nikaketi chini ya dirisha. Baridi ilipanda kutoka ardhini mpaka moyoni. Wameshaniamulia.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mpya. Ni mzuri mno, unaniogopesha.

Nitakaza tena waya. Kesho nitamwachia Peterson usukani. Gari litazima mikononi mwake. Atakwenda kutafuta msaada. Nami nitalegeza kifuniko kimya kimya, nitaketi mahali pa dereva, na gari litanitii. Atajua dereva ni nani.

Mchungaji alipita. Akauliza kama kuna jambo linalonilemea moyoni. Nikasema plagi.

Jumamosi, 9 Machi

Ndiyo kwanza tumerudi. Asomaye anisamehe mwandiko.

Peterson alifika. Ngatia naye akajialika, akaketi nyuma. Tukashika njia ya Sagana. Nilikuwa nimehesabu gari lizime mahali pa tambarare, penye kivuli. Halikufika. Lilizima chini ya mteremko, juu ya daraja jembamba, na mlango wangu umebana kwenye ukingo wa daraja. Siwezi kutoka!

Na juu ya mteremko, nyuma yetu, lori la ng'ombe linashuka. Linapiga honi. Halipunguzi mwendo.

Peterson akasema labda ni koili. Nikapiga kelele si koili. Nikaungama yote kwa mkupuo mmoja: nta, mpira, waya, hewa, hata maziwa ya kopo, ambayo hayakuwa na umuhimu. Peterson akanitazama kama mtu asiyemjua baba yake. Kisha akaruka nje na koleo. Nilikuwa nimekaza waya vizuri mno. Nilimsikia akilia, "Baba, uliufunga na nini huu?"

Ngatia alishuka. Akatembea kuelekea lori, akichechemea, akipunga koti lake hewani. Nikafumba macho. Nikamwambia Mungu achukue gari, achukue ufunguo, aniache mimi.

Breki zikalia. Lori likasimama karibu na Ngatia kiasi kwamba ng'ombe mmoja aliyetoa kichwa nje alimnusa kofia. Nyuma yangu nikasikia fyuuu. Peterson akarukia usukani, gari likawaka.

Ngatia akarudi garini, tukapanda kilima. Ndipo Ngatia akaniuliza, kwa upole wa kutisha, "Wakini, kwa nini uliziba tangi?" Nikasema unanuka petroli. Akatoa chupa mfukoni. Mafuta ya taa. Anapaka goti lake bovu. Akasema mbuzi wangu wa faini awe dume, tena mnene, na kwamba goti lenyewe leo limepona kwa hofu. Wakacheka, yeye na Peterson, mpaka machozi. Mimi pia nilikuwa na machozi.

Jumapili, 10 Machi

Hukumu imetoka. Gari haliuzwi. Lakini ufunguo amepewa Ngatia! Atanipeleka kanisani, atanipeleka kliniki, kila wiki, mpaka mwisho wangu. Peterson amesema mtu aliyesimama mbele ya lori kwa ajili yangu anaweza kuaminiwa.

Kanisani nilitubu kwa dhati. Nilisema sitapanga hila tena, na nilimaanisha.

Ngatia alinirudisha nyumbani polepole, kofia upande, akiimba, akisalimia watu kila kona kana kwamba gari ni lake. Akina mama wakampungia yeye. Hofu niliyoipata darajani ilikuwa ndogo kuliko hii.

Nimefikiri. Ngatia ni jasiri mbele ya lori akiwa kwa miguu. Je, akiwa kwenye usukani? Nikilegeza breki kidogo, kidogo tu, ataona kilima cha Ruring'u kinamkimbilia na atarudisha ufunguo mwenyewe. Nitafanya kesho kabla ya safari ya kliniki. Hakuna hatari yoyote. Mimi nitakuwa nimeketi nyuma.