Hesabu ya Mwezi, Safari ya Mkwaja

Jumatatu, 2 Februari 2026. Tanga.

Mwezi 13 Shaaban. Shamsiya, mke wangu, anasema 14. Yeye alipokea mwandamo kwenye simu, kwa jamaa. Mimi nilipanda darini mwenyewe, nikatazama dakika arobaini, nikaona mawingu. Mwezi usioonekana haujaandama. Jambo hili tumelijadili siku kumi na tatu. Kwake ni kumi na nne.

Mashua imeshuka majini. Ilikaa miaka minane juu ya magogo, tangu tulipoacha kusafiri. Ni urithi wa Shamsiya na kaka yake Idarusi, anayekaa Mkwaja. Idarusi alisema mbele ya ukoo mzima: chombo kisichosafiri apewe msafiri. Shamsiya akajibu kwamba tutakipeleka Mkwaja sisi wawili, kwa tanga, kabla ya swala ya Ijumaa, siku ya nikaha ya Nihal, binti wa Idarusi. Tukifika, mashua inabaki kwetu. Tusipofika, ni yake. Idarusi alicheka mpaka akashika ukuta.

Mashua inavuja. Shamsiya hajui.

Jumanne, 3 Februari. Tongoni.

Tumeondoka saa moja asubuhi. Shamsiya usukani, mimi kamba. Mafundo mawili nimeyasahau. La tatu nikalibuni. Likafunguka. Foromali, mti unaobeba tanga, ikanipiga begani.

Saa nne maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Nikamwambia ni mawimbi yanarusha. Bahari ilikuwa imelala kama sinia. Akaniuliza, baba Sami, mawimbi yapi? Akachukua ndoo. Nimechota ndoo mia moja na kumi. Yeye mia mbili.

Hatukusemezana sana. Mara moja alisema kwamba zamani tukisafiri tulikuwa tunaimba. Nikamwambia tuimbe. Akasema achote kwanza.

Jumatano, 4 Februari. Tongoni bado.

Mpango! Mashua lazima ikalafatiwe: pamba na mafuta kwenye kila ufa. Kazi ya siku nzima, na inataka pakavu. Kwa hiyo: kuipandisha mchangani maji yakijaa kabisa, juu iwezekanavyo, ikae kavu mpaka kesho jioni. Kesho maji yataifuata yenyewe. Bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita siku zote, ni mwezi 16. Leo ni 15. Kesho maji yatapanda kuliko leo. Hesabu ya mtoto wa chuo.

Shamsiya akasema leo ndiyo 16. Maji makubwa ndiyo haya, kesho yanaanza kupungua. Tuiache chini kidogo, hata kazi isipokamilika. Nikamuuliza kama anataka kuzama mbele ya Mkwaja nzima. Akashika kamba. Nikauhesabu ushindi.

Saa kumi na moja jioni tuliipandisha. Juu kabisa, kwenye mstari wa takataka zinazoachwa na bahari. Queen, mama wa vitumbua wa hapa ufukweni, aliniamkia shikamoo kwa adabu, kisha akauliza kama hii mashua tunaipanda kama mkorosho. Nikamwambia kesho ataona.

Alhamisi, 5 Februari.

Kalafati imekamilika adhuhuri. Kazi safi. Hata Shamsiya alipapasa ubao akasema vizuri. Ni neno la kwanza la namna hiyo tangu Shaaban iingie, kwa hesabu yoyote.

Saa kumi na moja jioni tulikaa ndani, tanga tayari, tukingoja. Maji yakaja. Yakasimama hatua nne chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua. Yakarudi.

Nikasema upepo umeyazuia. Shamsiya akatazama tanga. Upepo ulikuwa unatoka baharini.

Queen akaita wanaume kumi na mmoja. Tukasukuma. Mkuku umeshazama mchangani kiganja kizima. Ubao mmoja ukalia, pale pale nilipotia pamba. Mmoja wao akauliza nani aliyeiweka huku. Shamsiya akasema tumeiweka. Alisema tume-. Nimeliandika kwa sababu hakulazimika.

Ijumaa, 6 Februari.

Maji ya alfajiri: hatua saba. Shamsiya akakunja nguo zake za nikaha kwenye mfuko wa plastiki. Akapanda bodaboda kwenda Pangani, avuke kwa pantoni, atafute gari la Mkwaja. Nikamwambia asubiri maji ya jioni. Akasema, baba Sami, nimekusubiri miaka minane. Hakupandisha sauti. Dereva wa bodaboda akajifanya anaangalia tairi.

Maji ya jioni: hatua tisa.

Queen kaniletea vitumbua viwili. Kasema ni vya msiba.

Jumamosi, 7 Februari. Tongoni.

Shamsiya kapiga simu. Nikaha imefungwa, Nihal alipendeza. Mashua ni ya Idarusi. Shamsiya mwenyewe alisimama mbele ya ukoo akatamka. Idarusi hakucheka safari hii. Alimuuliza kama amekula. Shamsiya atabaki kwao mpaka Idi. Nikataka kuuliza Idi ya hesabu ipi. Nikauliza kama goti lake bado linamuuma. Akasema linamuuma.

Idarusi atakuja kuichukua bamvua lijalo. Amepanga Alhamisi, tarehe 19. Anahesabu kama dada yake.

Hapo nikaona. Alhamisi itakuwa mapema siku nzima! Idarusi atakuja na watu wake, atasukuma, atatoka jasho, maji hayatafika, atarudi Mkwaja na aibu yake. Mimi nitakuja Ijumaa, tarehe 20, maji yakiwa makubwa kweli. Mashua itaelea. Nitaitia Mkwaja peke yangu, kwa tanga, mbele ya ukoo, na Shamsiya atapanda.

Nimemwomba Queen asimwambie Idarusi. Akauliza asimwambie nini. Nikamfafanulia kwa kuchora mchangani. Akatazama mchoro, akatazama bahari, akanitazama mimi. Vitumbua vikaungua.

Nimenunua kamba mpya.